E 250 au SUV ya kawaida: viti vitatu vya watoto, njia ya lami na vumbi

Njia_Panda

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanaoyajua magari haya kwa ndani.

Mahitaji: watu wazima wawili na watoto watatu (miezi 9, miaka 4, miaka 8), kila mmoja na kiti chake cha usalama. Mwendo ni kama kilomita 25,000 kwa mwaka. Robo tatu ni lami ya masafa marefu, robo iliyobaki ni vumbi lenye mashimo na matuta makali.

Yamebaki matatu, yote yametumika na bei zimekaribiana: Mercedes-Benz E 250 ya 2012 (W212, petroli), Subaru Forester ya 2014 (SJ, 2.0 isiyo na tabo) na Nissan X-Trail ya 2015 (T32, 2.0). Nataka kujua nini kinakufa kwanza kwenye kila moja, na kinapimwaje kabla sijalipa.

---

Spana_13

Mkuu, kwenye lami E 250 haina mpinzani hapo, hilo tusibishane. Lakini linunue kwa kulijua.

Injini ya mwaka huo ni M271 Evo, sisi 1,796, yenye tabo. Ugonjwa wake mkubwa ni cheni ya taimingi: inarefuka, na meno ya gia za kemshafti yanalika. Kuipima ni bure. Gari lilale usiku kucha, uligusie boneti mwenyewe lingali baridi, kisha mtu aliwashe wewe ukiwa umesimama mbele. Mchakacho wa chuma wa sekunde moja hadi tatu, halafu kimya, ndiyo cheni hiyo inakuaga. Ukifika ukakuta muuzaji ameshaliwasha "lipate moto kidogo", omba urudi kesho asubuhi. Usione haya kuomba.

Na ukiambiwa cheni imeshabadilishwa, uliza kama gia za kemshafti, kikaza cheni na reli zake navyo vilibadilishwa. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika haikai. Ikiruka jino, vali zinaweza kugonga pistoni, na hapo unazungumzia injini nzima.

Gia boksi ni ya kasi 7 (722.9). Yenyewe ni imara, inaponzwa na imani kwamba oili yake ni ya maisha. Kuanzia katikati ya 2010 inatumia oili ya buluu, haichanganywi na ile nyekundu ya zamani. Muulize fundi aliyeibadilisha alimwaga ya rangi gani. Asiyejua jibu hakuibadilisha. Ndani yake kuna sahani ya umeme yenye vipima mwendo. Ikianza kufa, gari linang'ang'ania gia moja na halipandi tena mpaka ulizime na kuliwasha. Kabla ya kulipa, lipimwe kwa mashine inayosoma kompyuta ya gia boksi. Vile vifaa vidogo vinavyosoma injini peke yake havitakuonyesha kitu hapo.

Mwisho, tairi. Nyingi za E 250 zina 245/45 R17, na zilizopambwa zina 245/40 R18 mbele na 265/35 R18 nyuma. Zidisha upana (namba ya kwanza) kwa asilimia (namba ya pili) upate kimo cha ubavu: 245/45 ni milimita 110, 265/35 ni milimita 93 tu. X-Trail yenye 225/65 R17 ina milimita 146. Kwenye shimo, ubavu ndio mto kati ya chuma cha rimu na jiwe. Gari lenye rimu za inchi 18 kwa njia yako ya vumbi, anza kwa kuzungusha kila rimu hewani uangalie kama inayumba.

---

Uvungu_Juu

Watu wakisikia "gari liko chini" wanafikiria bampa. Kwenye matuta kinachoiumiza E-Class ni tumbo.

W212 ina milimita 2,874 kutoka ekseli hadi ekseli. X-Trail T32 ina 2,705, Forester SJ 2,640. Uvungu: Forester 220, X-Trail 210. Sedani za ukubwa wa E-Class huwa kati ya 120 na 150, na hapo hujapakia mtu. Gawanya uvungu kwa nusu ya umbali wa ekseli. X-Trail inatoa 0.155, yaani inapita tuta lenye kilele linalopanda sentimita 15 kwa kila mita upande huu na upande ule. E-Class yenye uvungu wa milimita 140 inatoa 0.097, haifiki hata sentimita 10. Tuta la sentimita 12 kwa mita, mojawapo litapita na lingine litakaa juu yake kama mtumbwi kwenye mchanga. Na kwa kuwa sedani ikijaa watu na mizigo inalala nyuma, hesabu halisi ni mbaya kuliko hiyo.

Tuta unaweza kulipita mshazari, tairi moja moja, na inasaidia kweli. Lakini huwezi kuipita robo ya safari zako zote mshazari.

Siku ya kukagua lala chini kabisa. Chini ya injini kuna kava la plastiki. Likiwa limefungwa kwa waya, limepasuka kwenye tundu za skrubu au halipo, gari hilo limeshaburuzwa, na tangu siku hiyo tope limekuwa likirukia mkanda wa alteneta. Pitisha mkono kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), utafute mkwaruzo uliobonyea.

---

Mkanda_na_Kiti

Naomba niwaonye kuhusu kitu ambacho wanunuzi wengi wanakikosea: SUV ndefu kwenda juu si lazima iwe pana. Kwa haya matatu ni kinyume. W212 ina upana wa milimita 1,854 bila vioo, X-Trail ni kama 1,820, Forester 1,795. Ukichukua SUV ukidhani viti vitatu vitajipanga vyenyewe, utakuja kupigana na milango.

Kiti chembamba cha mtoto ni kama sentimita 44, na vipo vinavyofika 50. Vitatu ni 132 hadi 150. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mlango hadi mlango usawa wa pale mtoto anapokalia. Usipime usawa wa mabega, huko juu kila gari linaonekana pana. Kisha beba viti vyako vyote vitatu uvifunge kweli. Muuzaji anayekataa hilo hana haja na mteja.

Tundu za ISOFIX (nanga za kufungia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi bila mkanda) zipo siti za pembeni tu kwenye yote matatu. Ya katikati ni mkanda wa kawaida. Mtoto wa miezi 9 bado anatakiwa atazame nyuma (kanuni ya kimataifa ya viti vya watoto, R129, inasema angalau mpaka miezi 15), kwa hiyo yeye na wa miaka 4 wanachukua pembeni. Katikati anabaki wa miaka 8 kwenye kiti cha kunyanyulia. Hapo ndipo penye tabu. Kifungio cha mkanda wake kinafukiwa kati ya viti viwili, mkono wake haukifikii, na kila safari mtu mzima atajipenyeza kumfunga. Jaribu mtoto ajifunge mwenyewe mara tatu. Akishindwa, tafuta viti vyembamba zaidi kabla ya kulaumu gari.

Kwenye E-Class kuna la ziada: shafti ya kwenda nyuma inapita katikati, sakafu ina mgongo mkubwa na miguu ya huyo wa katikati inapanda juu. Kiti cha mtoto mchanga chenye mguu wa kusimama sakafuni hakifai hapo. X-Trail ina sakafu iliyolala zaidi, na siti yake ya nyuma inasogea mbele na nyuma, jambo linalosaidia sana kwa kiti kinachotazama nyuma.

Zipo X-Trail zenye siti saba. Kumbuka ukishafunga kiti cha ISOFIX pembeni, ile siti ya kupitia kwenda mstari wa tatu huwezi tena kuilaza.

Buti nalo usilihukumu kwa lita. E-Class ni lita 540, X-Trail ya siti tano ni 550, sawa tu. Tofauti ni mdomo. Kigari cha mtoto kinachoingia kizima kwenye X-Trail, kwenye sedani unakitoa magurudumu kwanza.

---

Gia_Taratibu

Wakuu mmeichambua Benz mpaka mifupa, SUV zimepita bila kuguswa. Hizo zote mbili mara nyingi zinakuja na gia boksi ya CVT (isiyo na gia za hatua, inabadilisha kasi kwa puli), na CVT iliyochoka inakula tofauti yote ya gharama uliyodhani umeiokoa.

X-Trail: inatumia oili ya NS-3. Isiwe "oili ya otomatiki" ya pipa lolote. Mkanda wa chuma ndani yake unashika puli kwa msuguano wa oili hiyo hiyo. Liendeshe angalau nusu saa mpaka lipate moto, kwa sababu CVT mbovu ikiwa baridi inadanganya. Halafu nenda kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, mguu mwepesi kwenye mafuta. Ukihisi mtikisiko kama unapita juu ya bati la migongo wakati barabara ni laini, huo ni mkanda unateleza. Lisimamishe kwenye mlima, uondoke taratibu: mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisipande, ondoka. Kwenye mashine tafuta namba za kosa P17F0 na P17F1, zinahusu mtikisiko huo. Muuzaji anaweza kuwa amezifuta asubuhi, kwa hiyo pima baada ya safari.

Forester: injini zake za FB za mwanzo zilijulikana kula oili. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Kikiwa chini ya alama ya chini kwenye gari linalouzwa, mwenyewe haongezi au inaisha haraka. Yote mawili ni mabaya. Uzuri wake, FB inatumia cheni, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kama injini za EJ za zamani.

La pili kwa Forester ni tairi nne. Ni 4WD muda wote, na mzingo wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6 hivi kati ya moja na nyingine. Zungusha futi kwenye kila tairi. Mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma zinailazimisha klachi ya kugawa nguvu iteleze muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka. Ukipata pancha isiyozibika, uwe tayari kununua nne.

---

Lami_Ndefu

Naitetea sedani kidogo, maana robo tatu ya safari ni lami.

Gari la chini linapokwepa kitu kwa ghafla linainama kidogo na kurudi kwenye mstari wake mapema kuliko gari la juu. Pia mizigo ya sedani iko nyuma ya siti, kwenye chumba chake. Kwenye SUV mzigo uko chumba kimoja na watoto. Sanduku lililopangwa juu ya usawa wa siti, breki ikipigwa kwa nguvu, linakuja vichwani mwao. Atakayenunua SUV anunue na wavu wa kutenga, na vizito vikae chini, vikiwa vimesukumwa hadi vigote mgongo wa siti.

Kama Benz imekukaa moyoni, tafuta ile ya mgongo mrefu, S212. Buti ni lita 695, siti zikilazwa 1,950, na mlango wa nyuma unafunguka wote. Nyuma ina mifuko ya hewa inayonyanyua gari likipakiwa, kwa hiyo tatizo la kulala nyuma linaisha. Mifuko hiyo ndiyo ya kukagua: pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pande zote, jioni na asubuhi bila kuwasha. Upande ulioshuka unavuja. Usisubiri, kwa sababu mfuko unaovuja unaifanyisha kompresa kazi usiku na mchana mpaka nayo inaungua.

Tumbo linabaki lile lile alilosema Uvungu_Juu, sina la kupinga.

---

Njia_Panda

Asanteni sana. Nimeelewa kwamba vumbi ndilo linaloitoa E 250, si bei ya spea peke yake. Kati ya Forester na X-Trail, mngeanza na ipi? Na mafuta yanaleta tofauti kubwa kiasi gani?

---

Spana_13

Mafuta usikisie. Kwa kilomita 25,000, kila lita moja ya ziada kwa kilomita 100 ni lita 250 kwa mwaka. Pima kila gari kwa kujaza tanki, kutembea na kujaza tena kwenye pampu ile ile. E 250 inataka oktani 95, za sisi 2.0 zisizo na tabo hazidai hivyo.

Kwa watoto watatu ningeanza na X-Trail ya siti tano kwa sababu ya siti inayosogea, lakini kwa sharti moja: CVT ipite jaribio la Gia_Taratibu na kuwe na ushahidi wa NS-3 kubadilishwa. Usipitishe kilomita 60,000 bila kuibadilisha oili hiyo kwa njia hiyo ya vumbi na joto. Kumwaga mara moja hakutoi yote, sehemu kubwa inabaki ndani, kwa hiyo gari lisilo na historia limwagwe mara mbili, ukiliendesha siku chache katikati. Kiwango kinapimwa oili ikiwa na joto lililoandikwa kwenye kitabu chake. Likikosa sharti hilo, chukua Forester yenye kijiti kilichojaa na tairi nne zinazofanana.

Siku yenyewe fika asubuhi lingali baridi: kijiti kwanza, kisha sauti ya kuwasha, kisha viti vya watoto. Viti visipoingia, huna haja ya kulipia mashine ya kupima. Vikiingia, nusu saa barabarani, halafu mashine, halafu uvungu ukiwa bado na moto, maana oili inayovuja inaonekana vizuri wakati huo. Na soma tarakimu nne za mwisho za DOT (zinaonyesha tairi lilitengenezwa lini) kwenye kila tairi, pamoja na la akiba: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. La akiba huwa ndilo lile lile lililotoka na gari kiwandani.