Waliofika Animal Kingdom, ile bustani ya burudani ya Disney kule Orlando, naomba ushauri kuhusu shoo ya Lion King

Habari zenu wadau. Bi mkubwa, yaani mama yangu, anakuja kututembelea huku Marekani na tunataka tushuke naye Florida pamoja na watoto, sasa mimi hasa naitaka ile Festival of the Lion King, inayochezwa Harambe Theatre kwenye ile sehemu ya bustani inayoitwa Afrika tangu ilipohamishiwa huko 2014. Inachukua kama nusu saa hivi, watu wanakaa pande nne kuzunguka jukwaa, kuna upande wa simba, tembo, twiga na ngiri na kila upande unaambiwa utoe sauti ya mnyama wake (wa twiga sijui wanalia vipi, poleni zao).

Shida yangu ni moja, yule mtoto wangu wa mwisho anaogopa sana moto, na nasikia kuna jamaa anachezea fimbo inayowaka kwa kweli, je upande gani uko mbali naye kidogo? Halafu mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi, kuna siti za chini kabisa au mpaka tuombe kiti cha magurudumu? Na mabenchi yana pa kuegemea?

Mtoto mkubwa yeye anataka awe kati ya wanaochaguliwa kuzunguka na wasanii mwishoni, wanachagua watoto wa mbele tu au? Lightning Lane (ile ya kulipia ili kukwepa foleni) ina maana kwa shoo kama hii, au tukiwahi foleni inatosha? Aliyeenda na mzee aniambie ukweli, bei za kule si za kubahatisha.