Tatuu si doa la mawese, huyu mama wa kamati AKOME

Binti wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, natetemeka hadi simu inaniponyoka. Ndiyo kwanza natoka kikaoni, pilau sijala, soda nimeiacha nusu, na mkono wangu unanuka mate ya mtu mzima.

Narudia: MATE.

Simtaji. Hakuna haja. Kuanzia Mwandiga mpaka Ujiji hakuna kamati ya harusi ambayo hayumo. Ukichumbiwa tu, wazazi wako hawajaambiwa, yeye ameshafungua daftari la michango. Ni yule wa daftari la kijani na kalamu mbili zimechomekwa kwenye kilemba. Hata migebuka huko ziwani inamjua, na inamkwepa kwa sababu ahadi haijamaliza. Haya, mmeshamjua.

Leo kikao cha mwisho, mimi ni upande wa bibi harusi, nagawa soda. Nikafika kwake, nikapiga goti, "Shikamoo mama." Badala ya marahaba akanikamata mkono, akaugeuzia kwenye taa. Akachukua ncha ya khanga, akaitia ulimini, IKALOWA, akaanza kunisugua tatuu yangu mbele ya kamati nzima! Anasugua, anaitazama khanga kama imeshika rangi, anailowesha tena, anasugua. Wakuu, ile mara ya pili ndiyo iliyoniua. Ya kwanza ningesema sawa, mtu mzima macho yameanza kuchoka, labda kadhani masizi. Ya pili ameshaona haitoki! Na khanga yenyewe imeandikwa MAMBO YANGU HAYAKUHUSU.

Halafu akatangaza, kwa ile sauti anayosomea wanaodaiwa: "Jamani haitoki! Mwanangu, hata mbuzi wa mnadani wana chapa, ila wao hawakulipia."

Watu walicheka mpaka mzee mmoja soda ikamtokea puani. Mwingine huko nyuma eti "jaribuni majivu." Bwana harusi mwenyewe, ambaye tunahangaika kumchangia, naye anacheka, tena yeye ndiye wa mwisho kunyamaza.

Tatuu yenyewe ndogo, ni meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika. Marehemu babu alikuwa fundi wa injini mle ndani. Nimechorwa Dar kwa hela yangu, sijakopa kikoba cha mtu. Na huyu mama ajue kitu kimoja: Liemba Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikakaa chini ya maji mpaka ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kubeba watu. Leo anataka kuifuta kwa mate?

Msiniulize hoja yangu ni nini. Sina hoja, nina hasira. Aliitia ulimini MARA MBILI.

Mgebuka Mkavu

Nimekaa siti ya mbele. Weka picha ya hiyo tatuu, bila picha huu uzi ni hadithi za kijiweni.

Mtoto wa Reli

Nilipofika kwenye kalamu mbili za kilemba nikaacha kusoma, nilishamjua. Huyo mama msibani kwetu, marehemu hajashushwa, alisoma hadharani kwamba ahadi yangu ya elfu ishirini "bado inapumua." Pole sana dada. Ila ya mbuzi nimecheka, nisamehe.

Baba Pacha Kasulu

"Ila wao hawakulipia." Hahahaaa, huyo mama apewe kipaza sauti. Kwani uliichora shilingi ngapi?

Binti wa Gungu

Bei haikuhusu. Hoja hapa ni mate.

Baba Pacha Kasulu

Si umesema huna hoja?

Bin Ujiji

Binti yangu, mimi mtu mzima, nitakwambia ukweli usikasirike. Kwetu Waislamu hili jambo limekatazwa, hadithi zimemlaani anayechora na anayechorwa. Hapo sikutetei. Lakini kumsugua mtoto wa watu mate kadamnasi nako si adabu, angekuita pembeni akakusema. Na wale vijana wanaosema mwenye tatuu udhu haushiki, waache kufundisha wasichokijua. Wino uko chini ya ngozi, hauzuii maji. Kosa la kuchora ni lake, udhu ni udhu.

Mlokole wa Katonga

Mambo ya Walawi 19:28: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu." Dada kaandika alama, tena kwa ajili ya marehemu babu. Mstari mmoja kauvunja mara mbili kwa mkupuo. Sijawahi kuona.

Binti wa Gungu

Hata yeye alilowesha mara mbili, mbona mstari wake humtafutii?

Mjukuu wa Newala

Nipo Kigoma kikazi, kwetu kusini. Bibi yangu Mmakonde ana chale uso mzima. Alichanjwa akiwa msichana, wakapaka mkaa kwenye vidonda, akatoka pale mrembo na wachumba wakapanga foleni. Leo ndiye anayeongoza sala ya jioni nyumbani. Wageni wakimwona wanasema utamaduni, wanaomba kupiga naye picha. Binti akichora meli kwa mashine, mhuni. Nyie mnachokataa ni alama au ni umri wa mwenye alama?

Mgebuka Mkavu

Mkuu umeanza kuleta akili, uzi utaharibika.

Tabibu wa Kijiweni

Nisaidie kidogo kabla watu hawajafika kwenye majivu na jiki. Sindano ya tatuu inapeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi. Hili la juu linajibandua na kuota upya kila baada ya wiki chache, la chini halina habari. Kwa hiyo mama angesugua mpaka harusi ipite, na mtoto wa kwanza abatizwe, Liemba ingekuwa palepale. Kinachotoa ni leza, inauvunjavunja wino mwili uubebe taratibu, tena kwa kurudi na kurudi na hela iwepo. Nyeusi ndiyo nafuu, kijani na njano ni kesi nyingine. Mimi swali langu ni sindano: ilifunguliwa mbele yako? Homa ya ini haina utani, na wengi wanachorwa na sindano iliyotoka kwa mwenzao.

Binti wa Gungu

Ilifunguliwa mbele yangu. Khanga ndiyo haikufunguliwa mbele yangu.

Afande Mtarajiwa

Mnalilia mate wakati kuna watu tunalilia maisha. Matangazo ya ajira za polisi yanasema mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Mimi ninayo herufi moja tu, nyuma ya bega, ya demu wa kidato cha tatu. Rafiki yangu alinichora bwenini kwa sindano ya kushonea na wino wa peni, taa zimezimwa, ndiyo maana imelala upande. Demu kaolewa Uvinza. Ajira sina. Herufi ninayo.

Mtoto wa Reli

Herufi gani mkuu, tukutafutie mwingine wa herufi hiyo hiyo?

Kinyozi wa Mwanga

Bora herufi. Mimi nilimwambia fundi aniandike kifuani NAMSHUKURU MUNGU. Kala herufi mbili. Imebaki NAMSHUKU MUNGU. Nimegundua siku tunaoga ziwani na wanakwaya wenzangu, mwalimu wa kwaya akaanza kunisoma kwa sauti.

Mlokole wa Katonga

Hahahaha Bwana asifiwe, na fundi kasema ukweli wako wote.

Mama Wawili

Ngojeni kwanza. Huyo mama wa daftari, zile nyusi zake mnadhani ni wanja? Nimepika naye jikoni kwenye msiba, moto wa kuni, jasho linamtiririka hadi kidevuni, kila kitu kimeyeyuka usoni isipokuwa nyusi. Zile ni za sindano, wanachora saluni. Tatuu ni tatuu, iwe mkononi iwe juu ya jicho.

Binti wa Gungu

MAMA WAWILI UBARIKIWE. Jumamosi ukumbini nakwenda na khanga yangu mwenyewe. Nitamwamkia vizuri tu, shikamoo mama, halafu nalowesha.

Bin Ujiji

Binti, usifanye hivyo.

Mgebuka Mkavu

Afanye, tena aite mpiga video.

Muuguzi wa Zamu

Mimi nimechoka na hili neno chapa. Nyote mnaocheka hapo, vueni mashati mtazame bega la kulia. Kile kikovu ni cha chanjo ya kifua kikuu, ulichomwa ungali mchanga na hukuulizwa. Kwa hiyo mbuzi ambao hawakulipia ni sisi sote.

Baba Pacha Kasulu

Nimevua shati kweli, mke wangu ananiuliza vipi.

Binti wa Gungu

Haya picha hiyo hapo juu nimeiweka, muone ilivyo ndogo. Na huo wekundu pembeni ndiyo msuguo wa huyo mama.

Mgebuka Mkavu

Dada, hii ni Liemba au jagi la kunawia? Bomba la moshi liko wapi?

Binti wa Gungu

Ndiyo hilo limesimama katikati.

Mgebuka Mkavu

Nilidhani ni mpini.

Kuli wa Bandari

Mwacheni, Liemba yake inaonekana. Ya kweli tangu isimame kwa ukarabati sisi wa vijiji vya kusini mwa ziwa ndio tumekoma. Mgonjwa, mahindi, mbuzi na maharusi, wote boti moja ya mbao, na upepo ukichachamaa kila mtu anakumbuka dini yake. Mnachangia harusi mamilioni, hakuna kamati ya meli?

Mtoto wa Reli

Na treni je? Mtu unatoka Kigoma na ndoo ya mawese imefungwa vizuri, unafika Tabora imeshavuja kwenye begi la mwalimu wa watu, safari iliyobaki mnatazamana tu.

Kuli wa Bandari

Mawese usiyafunge kwa nailoni, nunua dumu la mfuniko wa kukaza. Yale madumu ya sokoni ya kujazia tena mifuniko imekwisha.

Binti wa Gungu

Jamani, turudi kwenye mate.

Afande Mtarajiwa

Mkuu wa bandari, huko hawaajiri? Nako wanaangalia bega?

Kuli wa Bandari

Kubeba gunia hawaangalii bega lina nini, wanaangalia lipo. Njoo alfajiri.

Mama Wawili

Nani yuko karibu na Kibirizi, dagaa wameshuka bei? Nataka kutuma Dar kwa wifi.

Mtoto wa Reli

Bado, mwezi mkubwa, taa hazivuti kitu. Subiri usiku wa giza, watajaa.

Bin Ujiji

Na uwatie mkononi mwenyewe kabla hujapimiwa. Wengine wanawaanikia chini, nusu kilo ni mchanga.