Je, inafaa kuwapeleka wanafunzi kuona nakala za hazina za Tutankhamun?

MwalimuWaHistoria:
Ndugu zangu, salaam. Maonyesho ya hazina za kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, yamefika karibu na shule yetu, nami nimekusudia kuwapeleka wanafunzi wangu wa sekondari. Baada ya kusoma tangazo kwa makini nimebaini kwamba kila kitu humo, kuanzia kinyago cha dhahabu hadi magari ya farasi, ni nakala iliyotengenezwa na mafundi wa siku hizi, na kwamba vitu halisi vimebaki Misri. Mwalimu mwenzangu anaona kuwa kuwatoza wazazi kiingilio ili watoto wao watazame vitu vya kuigwa ni kuwapunja. Mimi bado sijakata shauri. Naomba waliokwisha kuona maonyesho ya namna hii wanieleze walichokipata humo.

MsafiriWaNile:
Mwalimu, wapeleke. Nimebahatika kuviona vitu halisi kule Cairo na nakala zake mahali pengine, na naweza kusema bila kusita kwamba kuna jambo moja nililielewa kwenye nakala tu, nalo ni jinsi kaburi lile lilivyokuwa limesongamana. Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeligundua kaburi hilo, alipochungulia ndani tarehe 26 Novemba 1922 hakuona kinyago wala jeneza. Aliona vitanda vitatu vilivyofunikwa kwa dhahabu, vyenye vichwa vya wanyama, vikiwa vimerundikiwa viti na masanduku juu na chini, na upande mwingine magari ya farasi yaliyofunguliwa vipandevipande yakaegemezwa pamoja kama mizigo ghalani. Katika makumbusho kila kitu kimewekwa peke yake ndani ya kioo, kwa hiyo unaona uzuri wake lakini huoni kilikuwa jirani na nini. Nakala haziogopi hewa wala mwanga kama vitu halisi, ndiyo maana waandaaji huweza kuzipanga upya vilevile chumba kilivyokutwa, na mtoto akisimama pale anaelewa kwa nini Carter alihitaji takriban miaka kumi kuondoa vitu zaidi ya 5,000 katika kaburi la vyumba vinne tu.

FundiSeremala:
Nami naunga mkono, ila nataka kuongeza jambo la ufundi ambalo waongoza wageni wengi hulipita haraka. Katika chumba cha mazishi kulikuwa na makasha manne makubwa ya mbao iliyopakwa dhahabu, moja ndani ya jingine, na ndani yake jeneza la jiwe, kisha majeneza matatu yenye umbo la mtu, yaliyopangwa vivyo hivyo. Kasha la nje lilikuwa na urefu wa mita 5 na ushei na lilikijaza chumba karibu chote, hata mtu akitaka kulizunguka ilimbidi apite ubavu. Maana yake ni kwamba mafundi wa kale waliyaingiza makasha yale yakiwa vipande, wakayaunganisha mle mle gizani kwa kufuata alama zilizochorwa kwenye mbao. Na walikosea! Milango iliyopaswa kuelekea magharibi, upande wa wafu, ilielekezwa mashariki, na Carter aliona mahali ambapo vipande vilipigwa nyundo kwa nguvu ili vikubali kukaa. Mtu yeyote aliyewahi kufunga kabati katika chumba kidogo huku mwenye nyumba akimharakisha atawahurumia wale watu. Maonyesho mengi ya nakala huyasimamisha makasha hayo kwa mfuatano, kwa hiyo waambie wanafunzi wachungulie viungio vya mbao na wasiishie kwenye dhahabu.

MpendaUkweli:
Salaam, Mwalimu. Mimi sipingi safari, lakini naomba hoja ya mwenzako isipuuzwe. Nakala huonyesha umbo na rangi, ila haiwezi kubeba yaliyokipata kitu chenyewe. Jeneza la ndani kabisa ni dhahabu tupu yenye uzito wa kilo 110 hivi, na nakala niliyoiona mimi iling'aa sawasawa kila mahali kama kitu kilichotoka dukani jana. Jambo lililonigusa zaidi kuhusu kaburi lile ni shada dogo la maua lililokutwa kwenye paji la uso la jeneza la nje, likiwa limekauka lakini bado likionyesha rangi kidogo, ambalo Carter aliamini kuwa liliwekwa na mjane kijana wa mfalme. Fundi anaweza kutengeneza shada kama lile, lakini halitakuwa ua lililochumwa na mtu wa msiba ule. Kwa sababu hiyo waambie wanafunzi mapema, kabla hawajaingia, kwamba wanakwenda kuona nakala. Wakija kugundua wenyewe mlangoni watahisi wamedanganywa, na hapo mwenzako atakuwa na haki.

MsafiriWaNile:
Ndugu MpendaUkweli, nakubaliana nawe kabisa kuhusu kuwaambia mapema. Niongeze tu kwamba Wamisri wenyewe wametumia nakala kulinda kaburi, kwani tangu mwaka 2014 kuna nakala kamili ya chumba cha mazishi kule Luxor, karibu na nyumba aliyoishi Carter. Pumzi na jasho la wageni huongeza unyevu ndani ya kaburi halisi, na mabadiliko hayo huzitesa rangi za ukutani.

MwalimuWaHistoria:
Nawashukuru sana nyote. Nimeamua kuwapeleka, na barua ya wazazi itataja wazi kwamba vitu ni nakala. Siku moja kabla ya safari nitawagawia wanafunzi picha za rangi nyeusi na nyeupe ambazo Harry Burton alizipiga kaburini wakati Carter akifanya kazi, ili kila kikundi kitafute kitu chake ukumbini na kuandika kinavyotofautiana na picha. Kikundi kimoja nitakipa makasha ya Fundi, na kingine nitakipa lile shada la maua, hata kama hawatalikuta.