Kano ya kisigino imekatika nikimeza siprofloksasini (antibiotiki), nishtaki wapi?

Mama Zulfa, Arua, Uganda: Ndugu zangu, siku ya 5 ya dawa hiyo ya maambukizi ya mkojo kisigino kililia "pwaa", nikaanguka na ndoo ya maji. Muuza dawa hakuniuliza kama natumia predinisoloni (dawa ya steroidi). Natumia, kwa ajili ya pumu!

Baba Rama: Pole sana, dada. Marekani iliamuru onyo kali la kano kwa dawa za kundi la siprofloksasini tangu 2008, na predinisoloni huzidisha hatari. Usitupe boksi. Ripoti NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda.

Wakili Mstaafu: Duka binafsi, una miaka 3 kushtaki, hospitali ya serikali, 2 tu. Wakili huna? Jaribu kliniki ya msaada wa sheria ya LDC, chuo cha mafunzo ya wanasheria.

Mama Zulfa: Boksi ninalo, limeandikwa "2x1" kwa kalamu, basi. Zulfa analipiga picha sasa hivi.