Hedifoni mpya za studio, besi hakuna: nibadilishe au nibaki nazo?

Msikilizaji wa Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla siku saba nilizopewa dukani hazijaisha. Nimenunua hedifoni za studio, zile za kufunika sikio lote, laki nne na nusu. Chapa siitaji kwanza mpaka nijue kosa liko wapi. Nasikiliza kwa simu usiku, mtoto akishalala. Simu yangu haina tundu la pini, kwa hiyo natumia adapta ya USB-C ya elfu tano.

Sauti imenivunja moyo. Ni ndogo, na besi hakuna kabisa. Naweka taarab: fidla zinasikika vizuri tu, tena zimetanda huku na huku, lakini mwimbaji yuko mbali kama anaimba ndani ya kisima. Iafoni za mke wangu, nikizichomeka kwenye simu yake ya zamani yenye tundu, zinazipita hizi kwa mbali.

Nafikiria kubadilisha. Ama Audio-Technica ATH-M50x, ama Sony MDR-7506, ama niachane na waya nichukue za Bluetooth. Ipi?

Fundi Waya
Pole mkuu. Kwenye boksi wameandika omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme?

Msikilizaji wa Chumbageni
250.

Fundi Waya
Basi jibu ndilo hilo. Ukinzani mkubwa unadai volti nyingi. Chukua adapta inayotoa volti 1: kwenye hedifoni za omu 32 unapata miliwati 31 hivi, kwenye za omu 250 unapata 4 tu. Muziki wa siku hizi unarekodiwa kwa sauti ya juu, utavumilika. Rekodi za zamani zilizorekodiwa chini, hapo utasukuma mpaka mwisho na bado utaona kama haijatosha. Na sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu lenyewe linapoteza besi kwanza. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walilipima hilo tangu 1933. Rudisha, chukua M50x. Ni omu 38, simu inaziendesha bila shida.

Bint Mlandege
Kaka Fundi, hesabu yako sina ubishi nayo, ila haielezi kile kisima. Nguvu ikipungua inapungua kwa wote. Haichagui kumfukuza mwimbaji ikawaachia fidla.

Ndugu wa Chumbageni, nifanyie jambo moja kabla hujapanda daladala kurudi dukani. Tafuta rekodi yoyote ya Siti binti Saad, zile za 1928 alizokwenda kurekodi Bombay. Isikilize kwa hizo hedifoni, kisha utuambie umesikia nini.

Msikilizaji wa Chumbageni
Dada, nimeshangaa. Karibu kimya kabisa! Kuna mikwaruzo ya santuri na kasauti kadogo kwa nyuma. Nikadhani simu imekwama, nikachomoa adapta, spika ya simu ikaimba kama kawaida.

Bint Mlandege
Nilitaka hilo. Hedifoni zako ni nzima. Ni ethi haigusi.

Itazame pini. Ncha yake ni upande wa kushoto, pete inayofuata ni kulia, na shina la nyuma ni ethi, njia ya kurudia umeme ya pande zote mbili. Shina lisipogusa, umeme wa kushoto unarudi kwa kupitia kulia, na masikio yanabaki na kile tu ambacho pande hizo mbili zinatofautiana. Sasa mtu wa studio anapochanganya muziki humweka mwimbaji katikati, na besi katikati, maana yake wako sawasawa kushoto na kulia. Wanafutana. Fidla zilizowekwa pembeni zinabaki. Ndiyo maana ukaona zimetanda. Na Siti alirekodiwa chaneli moja tu, kushoto na kulia ni kitu kilekile, kwa hiyo anafutika wote.

Weka wimbo, halafu isukume pini ndani huku ukiizungusha taratibu kwa vidole. Usiwe umeongeza sauti sana, itaruka.

Msikilizaji wa Chumbageni
Allah! Nimeizungusha kama robo hivi, pini ikalia "tik", mwimbaji akaingia chumbani. Nikiachia anarudi kisimani. Nimemulika tundu la adapta kwa tochi: lile bati dogo la mdomoni limelala, halikamati shina.

Fundi Waya
Nimekubali, nilikimbilia omu. Na mimi nimeshamshauri mtu mwingine juzi kwa kisa kama hiki, ngoja nimtafute nimwambie ajaribu pini kwanza.

Kaka wa Tudor
Hapa Mombasa. Ndugu yangu, wavaa miwani?

Msikilizaji wa Chumbageni
Ndiyo, muda wote.

Kaka wa Tudor
Basi kuna la pili. Mguu wa miwani huacha upenyo kati ya sponji na ngozi, na besi ya hedifoni za kuziba hutorokea papo hapo. Bonyeza vikombe kwa viganja polepole. Besi ikijaa, jua ni upenyo. Kofia na mtandio hufanya vivyo hivyo.

Juu ya kubadilisha, nimetumia zote mbili ulizotaja. MDR-7506 ni omu 63, nyepesi, zakunjika, lakini trebo yake, zile sauti nyembamba za juu, kali. Fidla zitakuchoma ukisikiliza kwa muda wa saa mbili. Sponji zake nyembamba, na kwa joto letu zabambuka. Waya ni wa kujiviringisha na hautoki. M50x waya wake watoka, ukikatika wanunua mwingine, na besi yake imeongezwa. Kwa bongo fleva nzuri sana. Kwa taarab mimi naona besi ile yamsogelea mwimbaji mno. Ningekuwa wewe ningetazama M40x ya Audio-Technica hiyohiyo, omu 35, imetulia zaidi.

Bluetooth usinunue kwa ajili ya hili. Si mbaya, lakini siku utakayofanya mkutano kwa laptopu, maikrofoni ikiwaka tu, mara nyingi sauti yageuka ya simu ya mezani, na utarudi hapa kuuliza tena.

Bint Mlandege
Za wazi kama Sennheiser HD 600 ndizo nzuri kuliko zote kwa sauti ya mtu, lakini ni omu 300 na kila kitu kinatoka nje. Mtoto ataamka. Mimi nasema baki na hizo, nunua adapta yenye chipu nzuri. Ya Apple ya USB-C ni ndogo na safi, ila kwenye baadhi ya simu za Android hutoa sauti ya chini, kwa hiyo ijaribu kwenye simu yako hapohapo dukani, na umbebe Siti.

Msikilizaji wa Chumbageni
Marejesho, wakuu. Hedifoni sijarudisha. Leo nimepita madukani na simu yangu na hedifoni shingoni, nimejaribu adapta tatu, ya pili ndiyo niliyochukua. Elfu thelathini na tano. Sauti naifikisha robo tatu, inanitosha. Miwani naivua nikishalala chali, na kweli besi imerudi.

Jana nimeusikiliza wimbo mmoja mara nne. Kabla mwimbaji hajaanza anavuta pumzi, na mpiga udi anagusa uzi mmoja kidogo tu, kama anamwonyesha mahali pa kuingilia. Miaka yote nausikiliza, sikuwahi kulijua hilo.