Bango la maji kupwa na kujaa: dizaini inaishia wapi na pambo linaanzia wapi?

fundi_wa_Ngamiani

Wakuu habari za jioni. Mi nipo Tanga mjini, Ngamiani huku, nadizaini na kuprinti, kadi za harusi, fulana, mabango, vitu kama hivyo. Kuna kikundi cha akina mama wanaolima mwani upande wa Mkinga wameniomba niwatengenezee bango kubwa la maji kupwa na kujaa la mwezi mzima, walitundike pale kwenye chanja zao za kuanikia. Wakanipa jedwali la bandari, lile la namba tupu, kila siku ina mistari minne hivi ya saa na mita.

Nimeshachora rasimu. Mawimbi ya bluu yanafifia kuelekea chini, pweza kona ya kulia, mashua imetweka tanga, mwani umezunguka pembeni kama fremu, na kila wiki nimeipa rangi yake bango lichangamke. Mwenyekiti wao kapenda mpaka basi. Ila kuna mama mmoja alisogea akaliangalia weee, halafu akaniuliza "zuri sana mwanangu, haya kesho tunashuka saa ngapi?" Na jibu lilikuwepo pale pale mbele yake, ikabidi nimtafutie kwa kidole.

Sasa hilo swali halijaniacha. Wapo wanaosema ondoa kila kitu baki na namba, wapo wanaosema bila urembo hakuna atakayesimama kusoma. Mwenye uzoefu anisaidie, unajuaje kwamba hiki kitu kinabeba taarifa na hiki ni pambo tu?

Chumbageni_Juu

Mkuu kabla hujamfukuza pweza ondoa zile rangi za wiki. Pweza kakaa konani hamdanganyi mtu. Ila wiki ya kwanza kijani, ya pili njano, ya tatu nyekundu, mtu yeyote atajua nyekundu ni hatari, asishuke. Na wewe hukumaanisha hivyo, ulitaka ichangamke tu. Rangi ukiiweka sehemu ya data watu wanaisoma, hata kama wewe hukuandika kitu.

takwimu_pwani

Kaka huyo mama kakupa jibu lote, we hujaona tu. Dizaini ya taarifa inaanza na swali alilokuja nalo msomaji, haianzi na data uliyopewa. Wewe umepewa jedwali ukalipamba jedwali. Mama hakuja kuona jedwali, kaja anataka kujua aondoke nyumbani saa ngapi, amwache mtoto na nani, abebe kamba ngapi. Kwahiyo kila kitu unachoweka pale kiulize, hiki kinamsaidia kuamua au kinamchelewesha?

Mfano ambao mi huwa naupenda ni ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Mwanzo zilikuwa zinachorwa kwa jiografia halisi, reli zinapinda kama zinavyopinda kweli, katikati ya mji vituo vimebanana huwezi kusoma, pembeni kumebaki peupe. Harry Beck, jamaa aliyekuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi huko huko kwenye kampuni ya reli, akachora mwaka 1931 ramani ya mistari iliyonyooka tu, wima, mlalo na mshazari, na nafasi kati ya vituo karibu sawa. Wakubwa waliikataa kwanza wakaona imezidi kuwa ngeni, ikaja kuchapwa 1933 na abiria wakaipokea vizuri sana. Sasa angalia, Beck alitupa ukweli mwingi tu, umbali halisi na pembe halisi, kwasababu abiria aliyepo chini ya ardhi haulizi nipo mita ngapi toka mtoni, anauliza nashuka wapi nabadilisha wapi. Halafu mto Thames akauacha! Ungeweza kusema mto ni pambo, treni hazipiti mtoni, lakini mto ndo unamwambia mtu yupo upande gani wa mji. Kwahiyo sio suala la kupunguza vitu mpaka viishe, ni kujua kila kilichobaki kimebaki kwa kazi gani.

Turudi Mkinga. Wakulima wa mwani wana maswali mawili na hayafanani. La kwanza la huyo mama, kesho saa ngapi. La pili ni mwezi huu siku zipi maji yanatoka vizuri mchana tukapande na tuvune. La kwanza linataka orodha, siku na saa, herufi kubwa, basi. La pili linataka mchoro, mtu aone kwa jicho moja bamvua (siku maji yanakupwa na kujaa sana) limekaa wapi na maji mafu (siku hayatoki sana) yamekaa wapi. Ukiyachanganya kwenye umbo moja yote mawili yanakufa.

Na kwenye orodha weka maji kupwa ya mchana peke yake. Jedwali lina mistari minne kwa siku, wao wanahitaji mmoja. Maji ya saa nne usiku nani anashuka kufunga mbegu za mwani kwenye kamba? Hiyo mistari mitatu ni kweli tupu lakini kwenye bango hili ni uchafu, sawa tu na yale mawimbi yako.

Kitu kingine, saa. Jedwali la bandari linaandika 09:50. Kwenye simu mtu kazoea anajua hiyo ni saa tatu na dakika hamsini asubuhi, lakini kwenye bango la kijijini atakuja mtu asome tisa akajua ni saa tisa alasiri. Siku za bamvua hapa kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi alasiri, kwahiyo huyo wa saa tisa atakuta vigingi vya kufungia kamba vyote vimezama zamani. Andika "saa 3:50 asubuhi" na neno asubuhi lisikosekane. Hilo halina uzuri wowote wa macho lakini kwangu mi ndo dizaini yenyewe.

nesi_wa_kliniki

Naomba nichangie japo sio mtu wa kompyuta. Kama unataka kuona kitu kilichochorwa kikachoreka angalia kadi ya kliniki ya mtoto. Chini miezi, pembeni kilo, halafu njia za rangi, kijani, kijivu na nyekundu. Kila mwezi tunampima tunaweka nukta, tunaunganisha na ya mwezi uliopita. Nina mama hajui kusoma hata jina lake lakini akishika ile kadi anakwambia mwanangu ameshuka.

Na kitu kinachosaidia zaidi pale sio rangi hata, ni mstari unaelekea wapi. Mtoto anaweza kuwa bado yupo kwenye kijani lakini mstari umelala miezi miwili, huyo tunamwita mama tunakaa tunaongea, anakula nini, aliharisha, ameachishwa ziwa? Mwingine yupo kwenye kijivu lakini mstari unapanda vizuri kila mwezi, huyo anarudi salama. Ningekuwa na daftari la kilo peke yake, 7.2, 7.3, 7.3, kwenye foleni ya asubuhi hilo linanipita. Kwenye kadi linakurukia machoni kabla hujakaa sawa. Sasa hapo rangi zimewekwa kwa sababu, ukizibadilisha umeharibu kadi. Zile za wiki za huyo kaka ukizibadilisha hakuna kinachoharibika, nadhani hapo ndo tofauti ilipo.

Binti_Raskazone

Nesi umeongea point. Ila mi nawatetea wenye mapambo kidogo jamani, msije mkamfanya kaka wa watu atengeneze bango kama notisi ya ofisini.

Uzuri nao una kazi. 2010 kuna watafiti wa chuo kikuu cha Saskatchewan, Canada, walichukua grafu zilizopambwa kwa michoro wakazilinganisha na grafu kavu zenye data ile ile. Watu walizisoma kwa usahihi ule ule, na baada ya wiki mbili tatu walizikumbuka zaidi zile zenye michoro. Sasa msome vizuri, michoro yenyewe ilikuwa inahusu mada, haikuwa maua ya kujazia nafasi.

Na Florence Nightingale, yule nesi wa vita ya Crimea, mchoro wake wa 1858 ukiuona unaweza kudhani ni ua. Vipande vimezunguka duara, kila kipande mwezi mmoja, bluu ni waliokufa kwa magonjwa yanayozuilika, nyekundu majeraha, nyeusi sababu nyingine. Ile bluu imemeza mchoro mzima, unaelewa hapo hapo kwamba uchafu wa hospitali uliua askari kuliko risasi. Ni mzuri kwelikweli na alitaka uwe mzuri, kwasababu wakubwa wa serikali wasingesoma majedwali. Lakini mtoe bluu uone kama utabaki na kitu.

Kwahiyo mi naangalia kama kanga. Pindo lazima liwepo, bila pindo kitambaa tu hicho, ila pindo likianza kuingia kwenye mji na kufunika jina hiyo umeshaiharibu. Mashua na mwani viache pembeni, vinawaambia wale mama kwamba bango ni lao. Mawimbi nyuma ya namba ndo yatoke. Na ile tabia ya kuweka kivuli kwenye kila herufi pia itoke, namba yenye kivuli mtu wa miaka hamsini haisomi.

takwimu_pwani

Dada nakubaliana na wewe kwa asilimia zote, hasa hilo la mawimbi nyuma ya namba. Niongeze tu moja ambalo haliruhusiwi hata kwa pindo, vile viduara vya asilimia vilivyolazwa vikawa kama keki nene, tunavionaga sana kwenye ripoti za semina. Kipande cha mbele kinaonekana kikubwa kuliko cha nyuma hata kama vinalingana. Pale pambo limeshika kipimo chenyewe, na watu wanagawa bajeti kwa kuangalia kile.

Mzee_Sahare

Wanangu nimewasoma wote. Mimi nimevua bahari hii toka kijana. Nyie mnabishana rangi na michoro wakati mpango wenyewe wa bango umekaa kinyume. Maji hayafuati tarehe ya kalenda ya ukutani, yanafuata mwezi. Mwezi ukiandama, siku moja mbili baadaye bamvua, na maji yanakupwa sana kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mwezi mpevu hivyo hivyo. Mwezi ukifikisha siku saba nane, na siku ishirini na mbili, tatu, ni maji mafu, hayatoki, hata ukishuka unarudi mikono mitupu. Kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, kama dakika hamsini ukichukua wastani.

Hao akina mama mwezi wanaujua, wanafunga Ramadhani wanahesabu. Ukiwapangia kwa Januari na Februari itabidi uchape bango jipya kila mwezi. Ukiwapangia kwa mwandamo, siku ya kwanza mpaka ya thelathini, bango moja linakaa miaka. Halitakupa dakika kamili, hiyo wataangalia kwenye karatasi ya bandari, lakini litawaambia wiki ya kushuka na wiki ya kukaa nyumbani kusokota kamba.

takwimu_pwani

Shikamoo mzee wangu. Hapo umemaliza kazi, mi nilikuwa napanga vitu ndani ya boksi ambalo lenyewe halikuwa mahali pake. Wakuu someni tena alichosema mzee, hajagusa rangi wala fonti, kageuza tu kitu gani kinakaa kwenye mstari wa chini, na ghafla bamvua mbili zinakaa sehemu moja kila mwezi, mtu anazoea akiangalia mara moja tu.

fundi_wa_Ngamiani

Shikamoo mzee, ahsante sana, na wengine wote ahsanteni. Nimekaa na karatasi sasa hivi nimechora upya kwa penseli. Juu siku za mwezi 1 mpaka 30, na vimwezi vidogo vinavyokua na kupungua, hapo sasa picha ina kazi. Chini yake nguzo moja kwa kila siku kuonyesha maji yanashuka mpaka kimo gani mchana, bamvua mbili zinatokea zenyewe kama mabonde. Pembeni nitaweka mfuko wa plastiki wa kutilia karatasi ya mwezi huo yenye saa kamili, hiyo nitawaprintia A3 kila mwezi, haina gharama. Mashua na mwani vinabaki pindoni.

Swali la mwisho, siku za kushuka nizitie nyekundu au kijani? Bango litakaa juani mwaka mzima.

Chumbageni_Juu

Wala usitie hata moja kati ya hizo. Juani nyekundu na njano zinakufa mapema, bluu na nyeusi ndo zinabaki, kaangalie picha za mitindo ya nywele kwenye saluni yoyote ya kizamani hapo mjini, watu wote wamegeuka bluu. Ukitumia nyekundu, baada ya miezi michache siku za bamvua na siku za maji mafu zitafanana na utakuwa umewaachia bango linalosema uongo. Halafu kuna watu macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, hasa wanaume.

Nguzo za siku za kushuka jaza nyeusi nzito, siku nyingine ziache mstari wa nje tu zikiwa tupu ndani. Hiyo hata ikififia inasomeka. Rangi weka ukitaka lakini iwe juu ya hiyo, isiwe badala yake. Na kabla hujapeleka kwenye flexi (lile turubai la mabango), printi kipande kimoja kwa ukubwa wenyewe, kitundike nje ya duka lako saa sita mchana, jua likiwa kali, urudi nyuma hatua kumi usome. Kama namba zinakushinda hapo ongeza herufi, punguza mwani.