Kizunguzungu cha kujigeuza kitandani: kwa nini mgonjwa apimwe usikivu?

Binti_Pwani

Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, hushikwa na kizunguzungu kikali kila anapojigeuza kitandani kuelekea kulia, na pia anapoinua uso ili atoe chombo kwenye rafu ya juu. Nyumba humzunguka kwa muda usiofika dakika moja, naye hung'ang'ania ukingo wa kitanda mpaka hali itulie. Sote tulidhani ni presha, lakini imepimwa mara kadhaa na iko sawa. Daktari wa masikio, pua na koo alimpeleka kwanza kwenye chumba kisichoingiza kelele, akavalishwa hedifoni na kutakiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Tumerudi na chati yenye miduara myekundu na alama za X za buluu, zote zikiteremka kwa pamoja hadi desibeli 50 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye herzi 4000. Mama halalamiki kutosikia. Je, chati hii inahusiana vipi na kizunguzungu chake?

Mpima_Usikivu

Dada, pole kwa kuuguza. Sikio la ndani lina konokono, yaani kiungo kilichojiviringa kama koa la konokono, inayopokea sauti, na kando yake mifereji mitatu ya nusu duara pamoja na vifuko viwili vinavyoujulisha ubongo kichwa kimekaaje na kinakwenda wapi. Taarifa za pande zote mbili husafiri katika neva moja, ile ya nane ya kichwa, kwa hiyo maradhi yanayovuruga mizani mara nyingi huacha alama yake kwenye usikivu.

Miduara myekundu ni sikio la kulia, na X za buluu ni la kushoto. Milio inaanzia ile mizito ya herzi 250 upande wa kushoto wa chati na kuishia ile myembamba ya herzi 8000, na alama ikiwa chini zaidi, mlio ulihitaji kuwa mkubwa zaidi ndipo asikie. Masikio yote mawili kushuka sawasawa kwenye milio myembamba ni jambo la kawaida kwa umri wa mama: sauti za watu anazisikia, ila s na f humponyoka, hasa penye kelele, na wengi huona tu kwamba watu wa siku hizi hawatamki vizuri. Ingekuwa ni ugonjwa wa Ménière, maradhi ya sikio la ndani aliyoyaelezea daktari Mfaransa Prosper Ménière mwaka 1861, kwa kawaida milio mizito ingepungua katika sikio moja, na kizunguzungu kingedumu dakika 20 au hata saa kadhaa. Na kama sikio moja tu lingekuwa limeshuka bila sababu inayojulikana, angehitaji picha ya MRI ili neva ichunguzwe isije ikawa ina uvimbe.

Dalili za mama zinaelekea zaidi kwenye chembe za kalsiamu zilizobanduka kutoka kifuko kimojawapo na kuingia katika mfereji. Hilo chati haiwezi kulionyesha. Linathibitishwa kwa kipimo cha Dix na Hallpike cha mwaka 1952, ambapo mgonjwa hugeuzwa kichwa nyuzi 45, akalazwa chali upesi kichwa kikining'inia kidogo, huku mpimaji akimtazama macho: yakianza kuchezacheza baada ya sekunde chache, kisha yakatulia, jibu limepatikana.

Muuguzi_Bara

Naongeza swali moja: je, mama aliwahi kuchomwa sindano za streptomaisini au jentamaisini kwa muda mrefu? Dawa hizo zinaweza kudhuru viungo vya mizani vya masikio yote mawili, ingawa mtu wa namna hiyo hazungukwi na nyumba, bali huyumba atembeapo, na zaidi gizani.

Binti_Pwani

Hapana, hajawahi, na gizani hatembei kwa shida. Nimeona video za zoezi la Epley, la kutibu kizunguzungu cha namna hii kwa kugeuza kichwa. Naweza kumfanyia mwenyewe nyumbani?

Mpima_Usikivu

Subirini kwanza kipimo nilichokitaja, kwa sababu zoezi hilo huanzia upande wenye chembe, na ukikosea upande hutamsaidia. Mtaalamu akishathibitisha, humgeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe zirudi kifukoni, na wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Mwelezeni mapema kama mama ana matatizo ya shingo. Hata hivyo, akianza kuona vitu viwili viwili, ulimi ukiwa mzito, au sikio moja likiziba ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.